Kinachopoa Hakipikwi

Mjomba wangu, dalali wa mawe hapa Maganzo, hupeleka jiwe mdomoni kabla ya kulipeleka mzanini. Hulishika kwa ncha za vidole viwili, huligusisha kwenye mdomo wa chini, hutulia kidogo, kisha hutoa hukumu kwa neno moja: "Ndiyo" au "Siyo". Nilipokuwa mdogo niliamini analionja, kama mama anavyoonja chumvi ya mchuzi. Siku niliyomuuliza ladha yake ikoje alicheka mpaka machozi yakamlenga. "Almasi haina ladha, mpwa wangu. Ina baridi."

Basi nami nikaingia kazini. Niliokota kijiwe cheupe kwenye lundo la changarawe iliyokwisha chekechwa, nikashinda nacho mfukoni tangu asubuhi, jioni nikampelekea. Hakukigusisha mdomoni. Alikiweka kwenye kisahani, akasogeza kisahani kivulini, akaniambia, "Jiwe lililoshinda mfukoni halitoi ushahidi. Kunywa uji kwanza." Nilidhani ananizungusha. Nilipokuja kuwa mwalimu wa fizikia ndipo nilipotambua kwamba siku ile nilipewa somo langu la kwanza la maabara, tena na mtu aliyeishia darasa la saba.

Maana mdomo si kipimajoto. Laza kipande cha kioo na almasi juu ya meza moja usiku kucha. Asubuhi vyote viwili vitakuwa na halijoto moja, ile ya chumba. Hata hivyo ukivigusa, almasi itaonekana baridi zaidi, kwa sababu unachokisikia ni kasi ya joto lako kukukimbia. Almasi hupitisha joto takriban mara 5 ya shaba, na zaidi ya mara 1,000 ya kioo. Hulinyang'anya joto la mdomo kabla damu haijaleta jingine. Lakini hufanya hivyo iwapo tu imepoa kuliko mwili. Ikishinda mfukoni imekwisha lingana nawe, haina cha kukunyang'anya. Mjomba hakuwa na mlinganyo wowote kichwani, ila sharti la jaribio alilijua.

Siku hizi ana testa, kikalamu chenye ncha ya chuma inayopashwa moto kwa betri. Akikigusisha kwenye jiwe safi, kifaa hupima jinsi ncha inavyopoa. Ikipoa haraka sana, taa hupanda na kengele hulia. Miaka ya mwisho ya 1990 liliingia katika masoko ya dunia jiwe la kutengenezwa liitwalo moissanite, la silikoni na kaboni, ambalo hupitisha joto vizuri kiasi cha kuzidanganya testa za namna hiyo. Watengenezaji wakalazimika kuongeza swali la pili: je, unapitisha umeme? Moissanite mara nyingi huruhusu umeme kidogo. Almasi ya kawaida hukataa katakata. Na hata hapo kuna wasiofuata mkumbo, kwani almasi za buluu zenye boroni ndani yake hupitisha umeme bila aibu.

Kupoa na ukinzani. Maswali hayo mawili linayoulizwa jiwe sokoni ndiyo hayohayo yanayomngoja mwanafunzi wa kidato cha nne, na wa kidato cha sita baada yake, kwenye chumba cha praktikali. Nimeishi katikati ya soko na maabara kwa miaka mingi, na swali linalonirudia ni hili: kwa nini sokoni mtu hupima kwa makini hadi anafunga pumzi, lakini shuleni, penye vipimajoto na galvanomita, mtu yuleyule anapika?

*

Kupika, kwa asiyepita huko, ni neno la wanafunzi. Kupika data ni kuandika kwenye jedwali namba ambazo chombo hakijakuonyesha. Kuna mapishi ya haraka, pale kengele inapokaribia na nusu ya safu iko wazi. Kuna mapishi ya ufundi, pale mwanafunzi anayejua jibu linalotakiwa anapoanzia kwenye jibu na kurudi kinyumenyume mpaka kwenye usomaji. Na kuna mapishi ya huruma: rafiki yako amepata 6.2, wewe umepata 7.9, basi mnakutana kwenye 6.4.

Mpishi wa maji yanayopoa hujulikana upesi. Maji yake huanza nyuzi 80, dakika 5 baadaye ni 75, kisha 70, kisha 65, kama ngazi ya saruji. Maji halisi hayashuki hivyo. Isaac Newton aliandika mwaka 1701, katika makala ambayo hakuitia jina lake, kwamba kasi ya kitu kupoa hufuata tofauti iliyopo kati ya kitu hicho na mazingira yake. Katika chumba chenye nyuzi 28, maji ya nyuzi 80 kwenye bika iliyo wazi yanaweza kupoteza nyuzi 9 katika dakika 5 za kwanza, 7 na ushei katika zinazofuata, kisha 6, na kuendelea hivyo kwa uvivu unaozidi. Ni kama mgeni anayeaga: mwanzoni anaondoka kwa hatua kubwa, akifika getini anakumbuka hadithi nyingine.

Lakini Newton aliweka sharti ambalo daftari hulipitia juujuu: hewa iwe inapita kwa namna moja. Katika nyanda za Shinyanga sharti hilo ni gumu. Mwezi wa Oktoba upepo huja na vumbi, hugonga dirisha, hutulia, hurudi. Isitoshe, hewa yetu ya kiangazi ni kavu, na maji hupoa kwa kuvukizwa pia. Gramu 1 tu ikiondoka kama mvuke kutoka kwenye gramu 100 za maji, huchukua joto la kuyateremsha yaliyobaki kwa nyuzi zaidi ya 5. Mtungi wa bibi unafanya kazi hiyo siku nzima pembeni ya nyumba, bila umeme. Bika isiyofunikwa nayo ni mtungi. Anayetaka kupima sheria ya Newton na kusahau kifuniko anapima mambo mawili na kuyaandika kwa jina la moja.

Ndiyo maana jaribio hili, linaloonekana kuwa la kukaa na kutazama maji, lina adabu zake. Tungi la kipimajoto likae katikati ya maji, lisiguse kitako cha bika. Koroga polepole kabla ya kila usomaji. Jicho liwe sawasawa na kilele cha zebaki. Ukitazama kutoka juu au chini, nusu nyuzi imekwisha potea. Feni izimwe, mlango usiguswe. Na halijoto ya chumba isomwe mwanzo na mwisho, kwa kuwa chumba nacho, chini ya bati la saa sita mchana, hakikai pale kilipoanzia.

Maabara tunayofundishia ni zao la kampeni ile wengi wanayoikumbuka kwa michango, baada ya Rais Jakaya Kikwete kuagiza mwaka 2012 kila shule ya kata iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Kuta zilisimama. Vifaa vilifuata kwa kusuasua, na maji bado tunayabeba kwa ndoo. Sitasema kwamba uhaba hauna neno. Darasa la watu 60 lenye vipimajoto 5 huwafanya 55 kuwa watazamaji, na mtazamaji akidaiwa jedwali lazima apike. Lakini nimeona pia meza yenye kila kitu, na wanafunzi wake wakapika kwa raha zao. Hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kumfikiria Mpemba.

*

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, kule Lushoto. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa inajaa. Mwenzake akamwaga maziwa yake bila hata kuyachemsha. Mpemba, asije akakosa sehemu, akayaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji mzito.

Alimwuliza mwalimu. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye alikutana na wauza aiskrimu wa mjini Tanga ambao walikuwa wakitumia mchanganyiko wa moto makusudi, kwa sababu unaganda mapema. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akafundishwa sheria ya Newton ya kupoa, akauliza tena. Safari hii alichekwa, na akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ile ya dunia. Darasa likaifanya msemo. Kila alipokosea hesabu, ilikuwa hesabu ya Mpemba.

Watu huisimulia hadithi hii kama ya kijana mwerevu na walimu wajinga. Mimi hunigusa mahali pengine. Baada ya kuchekwa, Mpemba alikuta maabara ya baiolojia iko wazi. Akachukua bika mbili za sentimita za ujazo 50, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye jokofu, akangoja saa nzima. Barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye ile iliyoanza moto. Aliyapika maziwa; data hakuipika. Wala hapakuwa na alama za kumsukuma, maana jibu alilolipata lilikuwa ndilo lile la kumkosesha alama.

Kisha Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, akaja shuleni kuzungumza, na Mpemba akamwuliza mbele ya wote: bika mbili zenye maji sawa, moja nyuzi 35, nyingine nyuzi 100, kwa nini ya pili inaganda kwanza? Wenzake wakacheka. Osborne alikiri baadaye kwamba naye alidhani kijana amekosea, ila aliahidi kujaribu. Aliporudi Dar es Salaam alimpa kazi fundi wake wa maabara. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza kwa nia njema kabisa kwamba wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Sentensi hiyo ya fundi naichukua kila mwaka darasani, na kila mwaka wanafunzi huicheka. Halafu nawaambia wafungue madaftari yao. Fundi hakuwa mwongo. Alikuwa mtu mwenye bidii, aliye tayari kufanya kazi mara kumi. Tatizo ni kwamba jibu lilimtangulia kuingia chumbani. Jibu likitangulia, jicho hufanya kazi ya karani: linagonga muhuri kwenye kinacholingana na kurudisha kisicholingana "kikarekebishwe".

Mpemba na Osborne walichapisha makala yao mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, na jina la mwanafunzi likabaki duniani: athari ya Mpemba. Aristotle, Francis Bacon na Descartes walikwisha kugusia jambo hilo karne nyingi kabla, lakini sayansi ilikuwa imelisahau, na ilihitaji mvulana mwenye haraka ya aiskrimu kulikumbusha.

*

Hapa ndipo wanafunzi wangu hutaka niishie, na hapa ndipo siishii.

Mwaka 2016 Henry Burridge wa London na Paul Linden wa Cambridge walitoa matokeo ya majaribio yao pamoja na mapitio ya majaribio ya wengine. Hawakuiona athari ya Mpemba kwa namna ya kuiamini. Walionyesha pia kwamba kusogeza kipimajoto sentimita 1 tu, juu au chini, kunaweza kukuletea dalili za athari hiyo au kukuondolea. Sababu haiko mbali: maji ndani ya bika moja hayana halijoto moja. Ya moto hupanda, ya baridi huzama, na yakishuka chini ya nyuzi 4 mpango hupinduka, ya baridi zaidi huelea. Mwenye kipimajoto chini na mwenye kipimajoto juu wanapima maji mawili tofauti. Miaka minne baadaye, watafiti wawili wa Kanada, Avinash Kumar na John Bechhoefer, waliiona athari ya namna hiyo bila utata, ila kwa punje ndogo ya kioo ndani ya maji na chini ya udhibiti mkali. Kuhusu maji ya jokofu ubishi unaendelea.

Je, Mpemba alikosea? Alichokiona alikiona, maziwa yaliganda. Uaminifu wake hauna doa. Lakini uaminifu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ile sentimita 1: kujua kipimajoto kilisimama wapi, maji yalikuwa kiasi gani, chombo kilikalia barafu ya jokofu au ubao mkavu. Unaweza kuandika ukweli mtupu wa kile chombo kilichokuonyesha na bado usijue chombo kilikuwa kinapima nini. Ndiyo tofauti kati ya shahidi asiyesema uongo na shahidi aliyesimama mahali pa kuona.

Katika umeme nusu hizi mbili zinaonekana vizuri zaidi kwa Georg Ohm, ambaye naye alikuwa mwalimu wa sekondari, huko Cologne. Mwaka 1825 alichapisha uhusiano kati ya urefu wa waya na mkondo, na haukuwa ule tunaoufundisha. Hakupika. Betri zake za majimaji zilikuwa zikichoka katikati ya kazi, na uchovu wa betri uliingia kwenye jedwali ukijifanya sifa ya waya. Mhariri wa jarida, Poggendorff, alimshauri atumie chanzo kingine: maungio ya shaba na bismuthi, upande mmoja ukiwa kwenye maji yanayochemka, mwingine kwenye barafu inayoyeyuka. Maji yanayochemka hayapandi zaidi, barafu inayoyeyuka haishuki, basi nguvu ya umeme kati yake hutulia. Mwaka 1826 sheria ikajitokeza, na mwaka 1827 akaitolea kitabu. Nikisoma habari hiyo huona zile bika mbili za Mpemba: moto huku, barafu kule. Ukinzani wa waya ulipatikana baada ya mtu kujifunza kushika joto lisiyumbe.

Betri zinazochoka tunazijua. Utotoni tulianika mawe ya redio juani, juu ya bati, ili jioni tupate taarifa ya habari. Yalifufuka kweli, kwa muda: joto huchangamsha kemia ya ndani na kupunguza ukinzani wa jiwe lenyewe. Lakini mawe ya namna hiyo, yakipelekwa kwenye praktikali ya ukinzani, ni shahidi aliyenunuliwa. Mkondo unashuka huku mwanafunzi anaandika, na grafu inapinda mahali ambapo waya haina kosa. Dawa ni kufunga swichi kwa muda wa kusoma tu, kisha kufungua. Hiyo huiokoa na waya pia, kwani waya ikiachwa na mkondo hupata moto, na shaba ikipanda nyuzi 10 ukinzani wake huongezeka kwa karibu asilimia 4. Ndiyo maana waya za maabara huwa za konstantani, mchanganyiko wa shaba na nikeli usiojali sana joto.

Halafu kuna unene. Waya ya milimita 0.38 ukiisoma 0.37 kwenye mikromita umekosea mia moja ya milimita, kitu kisichoonekana kwa macho. Lakini unene huo huzidishwa kwa wenyewe katika kutafuta eneo, na kosa hukua likapita asilimia 5. Kwa hiyo pima sehemu tatu, kwa pande mbili, na kabla ya yote funga mikromita ikiwa tupu uone kama inasoma sifuri. Kwenye daraja la mita, kifaa cha kulinganisha vikinza kwa waya ya mita moja, gusa waya kwa joki, inua, sogea, gusa tena, ukiikwaruza unaikondesha. Tafuta mizani karibu na katikati: pale kosa la milimita 1 huharibu jibu kwa asilimia 0.4, na ukiwa sentimita 10 kutoka mwisho huharibu kwa zaidi ya asilimia 1. Ukimaliza, badilisha vikinza upande kwa upande, upime upya, utafute wastani. Mjomba, akipima jiwe, hulitoa mzanini na kulirudisha mara tatu, dirisha likiwa limefungwa. Karati moja ni gramu 0.2, na yeye huigawa kwa pointi 100. Pointi moja ni miligramu 2, nayo ni ada ya shule ya mtu.

Labda hapo ndipo jibu la swali langu lilipo. Sokoni kosa lina mwenyewe. Jiwe likipimwa vibaya, leo jioni kuna mtu anayelala njaa, na anajulikana jina. Mji huu ulikua kandokando ya mgodi wa Mwadui, ulioanzishwa mwaka 1940 na Mkanada John Williamson, na kila mkazi ana hadithi ya jiwe lililouzwa chini ya thamani. Shuleni kosa halina mlaji. Mwanafunzi aliyepika akapatia na mwanafunzi aliyepima akakosea, msahihishaji huwaona kwa jicho moja: mstari ulionyooka na mstari uliopinda. Tumewafundisha kwamba jaribio ni namna ya kufikia jibu la kitabu, kisha tunashangaa wakipita njia ya mkato.

Nami sina wa kumnyooshea kidole. Katika mtihani wangu wa kidato cha nne bika yangu ilivuja, muda ukaenda, na safu mbili za mwisho nilizipika kwa ustadi ambao ulinipa alama nzuri. Sijui hadi leo maji yale yalikuwa nyuzi ngapi kwenye dakika ya 20.

*

Mwaka jana mwezi wa Oktoba, mtihani ukiwa umekaribia, nilikuwa nikipita kati ya meza. Kundi moja lilikuwa na mchirizo laini kama mgongo wa samaki, kila nukta juu yake. Meza ya pili msichana mmoja alikuwa ameinamia grafu yenye nukta iliyoanguka chini ya wenzake, kwenye dakika ya 14. Mkononi alishika kifutio.

"Mwalimu, hii nifute?"

Nilitazama jedwali lake. Pembeni ya usomaji ule, kwa penseli hafifu, alikuwa ameandika: upepo umefungua dirisha.

Dirisha lilikuwa bado linagonga ukuta. Nilifikiria msahihishaji, ambaye hatakuwepo chumbani wala hatausikia upepo huo. Nilifikiria bika yangu iliyovuja. Madirisha ya maabara yetu ni sita, matatu upande wa barabara ya Mwanza na matatu upande wa uwanja, na meza yake ilikuwa karibu na mawili.

Nilichukua kifutio, nikakitia mfukoni. "Usifute," nikamwambia. "Andika na ni dirisha lipi."